Mama Nyanya na Mpishi wa Shule

Sokoni walimwita Mama Nyanya, ingawa hakuwahi kuzaa. Jina lilitokana na kazi: miaka ishirini na minane ya kuuza nyanya kwenye meza ile ile, ya pili kutoka bomba la maji. Mteja mgeni akimtania kwamba lazima ana wajukuu tele, alijibu bila kuinua macho, "Nyanya za kuuza ninazo, baba. Wa kuniita nyanya ndio sina." Watu wakacheka, na mteja akaondoka na kilo mbili badala ya moja.

Nyanya ni biashara ya kukimbizana na uozo. Siku ya kwanza ni ngumu, zinang'aa, lakini hazina faida ya maana kwa kuwa kila meza inazo na kila mtu anashusha bei. Siku ya pili zinalainika. Siku ya tatu ukizishika zinabonyea, na usipopata wa kuzichukua, ya nne ni za kumwaga, nazo zinaondoka na faida yote uliyohangaikia. Wengi walifunga meza kwa sababu ya hizo laini. Mama Nyanya hakufunga, kwa sababu alikuwa na Mpishi.

Mpishi alikuwa mwanamke wa rika lake, aliyepika katika shule ya bweni ng'ambo ya barabara. Kila baada ya siku tatu, mchana, alikuja na ndoo zake mbili kuchukua zote zilizolainika, maana za mchuzi hazihitaji sura.

"Hizi umeziokota jalalani?"

"Nimezitoa jikoni kwako, ulizitupa jana."

Walivutana nusu saa kama watu wasioweza kupikika chungu kimoja. Wakishakubaliana waligeuza makreti wakakalia, wakaanza ya kwao: mume wa Mpishi ambaye nyumbani haongei mpaka chumvi ipungue, goti la Mama Nyanya, mwenye nyumba wake na paa linalovuja. Siku nyingine Mpishi aliondoka amesahau ndoo.

Mwaka mmoja akaja sokoni daktari kijana, akitafuta watu ambao riziki yao ni maneno. Alikuwa akichunguza ubongo unafanya nini watu wanapoongea, na alitaka waje wawili wawili. Wakaenda pamoja. Walivalishwa kofia zenye nyaya na kupakwa mafuta ya baridi kichwani, wakatazamana wakacheka hadi wakaambiwa watulie, mashine inaharibika.

Kwanza kila mmoja alikaa peke yake mbele ya kompyuta, akioneshwa bei na kubonyeza ndiyo au hapana. Kisha wakaketishwa uso kwa uso, beseni la nyanya katikati, wakaambiwa waelewane bei.

Daktari aliwaonesha mistari kwenye karatasi. "Kwenye kompyuta, mama, kichwa chako kilipiga hesabu tu. Mwenzako alipokaa mbele yako, kikaamka kwingine kote. Na mistari yenu inapanda na kushuka pamoja, kama watu wawili waliobeba kitanda kimoja wakipita mlangoni. Hata kabla hajafungua mdomo, ulishajua anakuja na nini."

"Ndiyo maana sijawahi kufaulu kumpunja," alisema Mpishi.

Miaka miwili baadaye shule ikaingia mkataba na kampuni. Mboga zikawa zinaagizwa kwa simu na kuletwa na gari la baridi, zimeoshwa. Kampuni ilinunua mashamba mazima kabla hayajavunwa, hivyo bei ambayo iliiuzia shule ndiyo ile ambayo Mama Nyanya alinunulia tenga alfajiri.

Siku ya tatu Mpishi hakuja. Wala siku ya tatu iliyofuata. Mama Nyanya akaenda kumwulizia getini.

"Si mimi, mwenzangu," Mpishi alisema, akiangalia pembeni. "Wamenipa simu, nabonyeza tu."

"Nyanya sikuulizi. Nakuuliza wewe. Hata salamu?"

"Nije mikono mitupu, nikae pale nikizitazama zikioza?" Akaligeukia geti. "Usiniombe hilo. Siwezi."

Hakukuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililomuumiza. Angekuwa na wa kumlaumu, angalau angelala na hasira.

Alijaribu kupandisha bei ya zile ngumu, wateja wakahamia meza za jirani. Akajaribu kununua tenga moja badala ya mawili, lakini mwenye gari la kumletea mzigo hakupunguza nauli. Kila asubuhi alimwaga ndoo nzima nyuma ya soko. Baada ya miezi minne akaiacha meza.

Kampuni ile ile ilikuwa inatafuta wachambuaji, na kazi nyingine hakuijua. Wakamweka ghalani, kwenye mkanda wa tatu wa mashine. Nyanya zilipita mbele yake, naye akaondoa zilizolainika na kuzitupa kwenye pipa. Mashine zilinguruma, kila mtu ameziba masikio. Kwa saa nane nzima hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Chumbani kwake, alikoishi peke yake, vilevile.

Baada ya mwaka aliona maneno yanamjia kwa kuchelewa. Dukani alisimama akitafuta neno "sabuni" huku akiiona. Akaenda zahanati. Muuguzi akampima presha.

"Huumwi, mama. Ni umri."

Jumapili moja alikutana na Mpishi njiani. Amestaafu, amekonda, mume alikuwa amefariki na Mama Nyanya hakuwa na habari. Alimpa pole. Akamwambia kwamba naye sasa yuko kwenye kampuni.

Mpishi akajilazimisha kutabasamu. "Hizo nyanya zenu za gari la baridi, mwenzangu, ukizitafuna ni kama unatafuna sifongo."

Mama Nyanya alijua hapo pana jibu. Alilingoja. Mpishi naye alilingoja, kichwa kimeinama kidogo, tayari kucheka. Pikipiki zikapita, mtu akawaomba njia, na jibu halikuja.

"Ni kweli," alisema hatimaye.

"Haya," Mpishi akasema polepole. "Tutaonana."

Walikuwa wanakaa mitaa miwili tofauti, mwendo wa dakika ishirini. Hakuna aliyekwenda kwa mwenzake. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mama Nyanya aliziba masikio, akashika nafasi yake kwenye mkanda.