Lambo la Ndugu Wawili

Eskaveta haitaki nguvu, inataka adabu. Musoma, tulipokuwa tunachimba misingi kule Mukendo, niliona maopereta wakipigana na jabali kama watu waliotukanwa. Baketi inagonga, mashine inanyanyuka nyuma, dizeli inakwisha na jiwe limelala palepale. Mimi hupapasa kwanza. Natafuta ufa, naingiza meno ya baketi, navuta kidogo kidogo mpaka jiwe litoke. Bunda ni habari nyingine. Ule udongo mweusi wa mbuga unanata, kwa hiyo nachota nusu baketi, nakung'uta, narudi. Ukiwa mlafi utashinda unazungusha udongo uleule.

Lakini nisidanganye, adabu hiyo ni ya mikono tu. Moyoni nina hasira za karibu, na siku ile Butiama zilinipanda hadi nikasaga meno.

Tulikuwa tunachimba lambo la kunyweshea ng'ombe, pamoja na mfereji wa kuleta maji kutoka bondeni. Mfereji ulikatiza shamba walilorithi ndugu wawili. Mkubwa alikipa kijiji kipande cha kupitishia maji. Mdogo akasema kipande hicho ni fungu lake, na kwamba mashine ikikigusa atamwaga damu. Wazee wa kijiji walisema hayo ni maneno ya kilabuni, kazi iendelee.

Akaja asubuhi na panga, hajalewa hata kidogo. Kaka yake alikuwa kando ya mashine ananielekeza. Panga likampata begani. Yule kaka akajirusha mferejini, kwenye kina kinachompita kimo, na mdogo akazunguka kushukia upande wenye mteremko ili amfuate. Nikashusha baketi katikati yao, ikauziba mfereji wote. Panga likagonga chuma, likagonga tena. Nasema kweli, nilitamani kuisukuma baketi mbele kidogo tu, nimbane ukutani kama kunguni. Nilijizuia.

Alipoona hamfikii kaka yake, aliugeukia mkono wa mashine. Akaufyeka mpira wa haidroliki, ule unaopitisha mafuta ya kuusukuma mkono, mpaka ukapasuka. Mafuta ya moto yakaruka kama damu ya ng'ombe aliyechinjwa, yakamchoma kifua na uso. Akapanda juu akipiga kelele. Nilizima injini, lakini mafuta yalikuwa yamekwisha kumwagika na mkono umelala pale ulipo.

Kisha likapigwa yowe. Kwetu yowe likilia hakuna anayebaki nyumbani. Asiyekimbilia atahesabiwa adui. Walikuja kutoka mashambani na mikuki, majembe na fimbo, wakajazana ukingoni juu ya yule kaka, kila mmoja anamnyooshea mkono amvute. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Niliwapigia kelele warudi nyuma, nikawatukana hadi mama zao. Nani asikie? Ukuta wa udongo ukamomonyoka wote kwa mara moja, na pale chini alipokuwa amesimama yule kaka hapakuwa na mtu.

Mdogo wake alitupa panga. Ngozi ya uso ilikuwa inamning'inia, lakini alikuja mbio hadi kwenye mlango wa mashine, akanishika mguu.

"Chimba, mjomba. Washa uchimbe."

"Haiwezi kuchimba," nikamwambia. "Umekata mpira."

Aliutazama ule mpira kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeukata. Halafu akaingia mferejini na kuanza kuparua udongo kwa vidole, na sisi tukamfuata na majembe, tukichimba polepole kwa kuogopa kumkata kichwa. Nilimchukia mtu yule, na nilichimba bega kwa bega naye. Udongo wa mbuga ukilowa hauna huruma. Ukiutoa huku, unashuka kule.

Tulipomfikia, alikuwa amekwisha kufa. Baadhi ya watu wakaanza kumtafuta muuaji kwa macho, mikuki mkononi. Yeye hakukimbia. Alikipakata kichwa cha kaka yake, akimtoa tope mdomoni kwa kidole, akimsemesha kwa kilugha chao. Kinakaribiana na chetu, kwa hiyo nilimwelewa. Alikuwa anamwambia achukue shamba lote.