Suruali ya Baba na Tikiti ya Kodi

Nakiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa kambini: ni mimi niliyevaa suruali ya Jumapili ya baba juu ya kaptula ya shule, nikaukimbia mtihani wa hesabu na kwenda kuzurura soko la Nakasero kama mzee mwenye shughuli zake.

Msinicheke kwanza. Chifu wetu kule Nsambya alikuwa ametangaza kwamba mtoto atakayeonekana mtaani saa za masomo atachapwa viboko, na mzazi wake atafyeka nyasi mbele ya ofisi siku tatu, mchana kweupe, kando ya njia wanayopita watu wote wa kambi ya polisi. Jirani yetu mmoja alishafyeka, na mama alimcheka mpaka akakaa chini, kisha akaapa kwamba yeye, mke wa koplo, hatainama pale hata siku moja. Basi nikapiga hesabu (ile pekee niliyopiga siku hiyo): sheria inakamata watoto, watoto wanavaa kaptula, kwa hiyo mwenye suruali ndefu yuko salama.

Napita kwenye mafungu ya vitunguu, mikono mfukoni, mara wanajeshi wakafunga milango ya soko, na askari wa chifu pamoja nao. Hawakutaka watoto. Walitaka wanaume wasio na tikiti ya kodi, ile karatasi ambayo kila mwanamume mzima lazima atembee nayo.

"Wewe, tikiti iko wapi?" sajini akaniuliza.

Ningesema tu kwamba mimi ni mtoto, lakini nilimwona mama akilini ameshika fyekeo, nikaikaza sauti nikasema nimeisahau nyumbani. Akauliza kama niko na bibi (jeshini bibi ni mke), na ulimi wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukajibu, "Niko nao wawili, afande."

Nikachuchumazwa na wanaume wengine kando ya lori. Siku hizi mtu haulizi lori kama lile linaenda wapi. Wazee wa watu walikuwa wakitazama chini, na mimi pia utani ukanikauka mdomoni.

Sasa nani anatokea na kikapu cha nyanya kama si mama? Hakuujua uso wangu kwanza, aliijua suruali, maana kiraka cha gotini alikishona mwenyewe. Akamwendea sajini moja kwa moja, akamwambia kwamba huyu ni mwanawe, yuko darasa la saba, na kama sheria ni kufyeka basi yeye atafyeka.

"Simjui mama huyu, afande," nikasema. (Nimesema uongo mwingi maishani, lakini ule najivunia mpaka leo.)

Mama alishika kiuno cha suruali akaivuta mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kaptula yangu ya shule, yenye doa la wino matakoni, ikasimama mbele ya Nakasero nzima. Sajini akacheka, akamsimulia mama habari za bibi zangu wawili, wauza vitunguu wakacheka, hata waliochuchumaa wakacheka, masikini, halafu lori likaondoka nao na mimi nikakabidhiwa kwa askari wa chifu.

Viboko sisimulii, waulize wenye masikio. Nisimulie mama: alikuja kufyeka amevaa gomesi yake ya harusini, shingo imenyooka, akimsalimu kila mpita njia kabla hajapata nafasi ya kucheka, na mimi pembeni yake nikikusanya nyasi huku kifua kimenijaa kama nimepewa cheo. Suruali ndefu nimeapa sivai tena mpaka niote ndevu zangu mwenyewe.

Siku ya tatu, majirani wamejaa njiani, mama akanyoosha mgongo, akafuta jasho, akanitazama na kusema, "Mzee, wale bibi zako wawili wako wapi, mbona hawaji kumsaidia mama mkwe wao kufyeka?"