Wimbo Usio na Namba

Mimi ni mtu wa kuuliza. Marehemu mama alikuwa akisema nilianza kuuliza kabla sijajua kutembea, na watu wa bendi yetu ya matarumbeta wamenizoea hivyo hivyo. Nauliza kabla ya mazoezi, nauliza katikati ya mazoezi, na tukipakia vyombo kwenye gari nauliza tena. Kwa hiyo hata habari za wimbo wa Mwalimu nilizipata mimi kwanza, kwa umbea wangu tu.

Mwalimu ndiye kiongozi wa bendi ya usharika wetu huku Old Moshi. Ndiye aliyenifundisha kushika tarumbeta nikiwa msichana mdogo, midomo ikiniwasha mpaka machozi. Siku hizi hapulizi tena. Meno ya mbele yameng'oka, na tarumbeta bila meno ni bomba tu, kwa hiyo yeye husimama mbele yetu na kutuongoza kwa mkono. Nyumbani kwake anafuga ng'ombe wa maziwa, na mimi, kabla sijashuka mjini kwenye cherehani yangu, hupita kwake kila asubuhi na chupa yangu ya maziwa.

Nikiwa bado njiani, chini ya kihamba chake, shamba lake la migomba na kahawa, nilikuwa namsikia akiwapigia ng'ombe mluzi huku akikamua. Ulikuwa mluzi wa mtu asiye na meno, wenye upepo mwingi, lakini wimbo wenyewe ulisikika vizuri. Nami sikuujua. Hilo lilinikosesha raha, kwa sababu nyimbo zetu nazijua zote. Kwetu wimbo huitwa kwa namba yake kitabuni, na mchungaji akishataja namba, vidole vinajua pa kuanzia. Huu wa Mwalimu niliupekua kichwani, namba baada ya namba, nikaukosa. Na kila nikisukuma geti, geti likilia, mluzi ulikatika papo hapo, kana kwamba mtu kafumaniwa.

Siku moja nililiinua lile geti kwa mikono miwili ili lisilie. Nikajibanza nyuma ya lundo la majani ya ng'ombe, nikausikiliza wimbo mpaka mwisho.

"Shikamoo, Mwalimu. Huo ni namba ngapi?"

Alishtuka hadi ndoo ikacheza. "Marahaba. Hauna namba."

"Kila wimbo una namba."

"Huu hauna. Ni wa kwangu." Akarudi kukamua bila kunitazama.

Mtu mwingine angeondoka na maziwa yake. Mimi nilikaa. Nikamuuliza kwa nini hajauleta kwenye bendi, akanieleza kwamba aliwahi kuugusia zamani, wazee wa kanisa wakamjibu kwa upole kabisa kwamba vya kupigwa kanisani vimo kitabuni. Hakubishana. Kwenye misiba na harusi nako ni yale yale, ndugu huchagua kwa namba. Basi wimbo ukabaki bandani.

"Sitafuti sifa, binti," alisema. "Nataka tu usikike na watu. Hata mara moja. Hawa ng'ombe wameusikia miaka yote, lakini ng'ombe haambii mtu kitu."

Nilishuka mjini siku hiyo nikashona mkono wa gauni kinyume. Nilimhurumia mno.

Haukupita muda mrefu, Jumamosi moja, akatokea dada mmoja kwenye mazoezi yetu, raba zimejaa tope. Ni mzaliwa wa Uru, amesomea utengenezaji wa filamu Dar. Alituambia kwamba huko nje kuna kumbi ambazo watu huenda kutazama filamu, na chini ya skrini wamekaa wapigaji tele, vinanda, filimbi na ngoma, wanaipigia ile filamu muziki hapo hapo kutoka mwanzo hadi mwisho. Akatuonyesha kwenye simu. Kichwa changu ndicho kilichokuwa karibu zaidi na kioo. Niliwaona watu waliovaa nguo nyeusi kama wa msibani, na juu yao picha kubwa kuliko nyumba.

"Sasa hapo watu wanatazama picha au wanatazama wapigaji?" nikauliza.

Alicheka. "Hata mimi sijui, mama. Ndiyo maana nataka tujaribu."

Alikuwa ametengeneza filamu ya babu yake, siku moja tu ya mzee huyo tangu alfajiri mpaka jioni, bila maneno na bila sauti yoyote. Vinanda vya nyuzi angevitoa wapi Moshi? Matarumbeta yapo. Mwalimu alikubali kabla hajatuuliza sisi, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema sehemu nyingi tutapiga nyimbo zetu za kila siku, ila karibu na mwisho ataleta kitu kingine. Nikakohoa. Akanikata jicho.

Filamu alitumiwa yeye peke yake. Wakati wa mazoezi aliiegemeza simu kwenye stendi ya noti, kioo kikimtazama yeye, nasi tukabaki kutazama mgongo wa simu. Niliomba kuona, akakataa.

"Mkiona picha mtasahau noti."

"Kidogo tu, Mwalimu."

"Hata kidogo."

Kwa hiyo tulimpigia muziki mzee ambaye hatukumjua sura. Mwalimu alitusomea: sasa anafungulia maji ya mfereji, taratibu, sasa anakata majani ya ng'ombe, kazeni mwendo, sasa anachuma kahawa. Mimi nilijichorea mzee wangu kichwani, mrefu, mwenye masharubu. Kijana wetu wa besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, anafanya kazi mpakani Holili, na alikuwa akija mazoezini na vumbi la malori mpaka kwenye kope. Wimbo usio na namba ulianzia kwake, chini kabisa. Sisi wengine tulimfuata mmoja mmoja, na wimbo ukapanda polepole, kama mtu anayepandisha mlima na mzigo wa majani, akipumzika na kuendelea. Tulipoumaliza mara ya kwanza, kijana wa besi aliuliza kama angeweza kuurudia.

"Na hapa kwenye picha kuna nini?" nikauliza.

"Mzee amekaa chini ya migomba. Anataka kula."

Hakusema zaidi, nami, kwa mara moja katika maisha yangu, sikuuliza zaidi.

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana kwenye ukumbi wa parokia huko Uru. Uru kwa macho ni jirani, ukisimama kwetu unaona moshi wa majiko yao. Lakini kwa gari lazima ushuke mpaka mjini, kisha upande tena. Tulikuta Wakatoliki wamejaa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili giza lipatikane, na shuka jeupe limetandazwa mbele. Mwalimu alikuwa amepanga tukae chini ya shuka, tukiligeuzia mgongo. Lakini besi ilikuwa ikiziba picha, watu wakaanza kulalamika, na yule dada akatuhamishia pembeni ukutani, tukielekea shuka. Mwalimu alikunja uso. Ila tulikuwa wageni pale, akakubali.

Filamu ikaanza, na hatimaye nikamwona mzee wangu. Mfupi! Hana hata unywele wa masharubu. Na alikuwepo pale pale ukumbini, safu ya mbele, amevaa koti lile lile na kofia ile ile ya kwenye shuka. Watu walicheka walipoiona migomba yao, mfereji wao na mbuzi wa jirani aliyepita bila kualikwa. Tulipiga vizuri. Niliibia kutazama, nikapotea kwenye noti, nikaibia tena, nikapotea tena. Mwalimu hakukosea.

Sasa lazima nieleze desturi yetu moja. Katika bendi yetu, mtu akianza kusali, tarumbeta linashuka mdomoni, linalala mapajani, vichwa vinainama, na hakuna anayeinua chombo mpaka isikike Amina. Iwe makaburini, iwe harusini, iwe mvua inanyesha. Tumefundishwa hivyo tangu utotoni, na aliyetufundisha ni Mwalimu mwenyewe. Aliwahi kunitoa nje kwa kosa la kumwaga mate ya tarumbeta sala ikiendelea.

Basi tukafika mahali pale. Mwalimu akainua mkono, macho kwenye simu yake. Kwenye shuka, mzee alikaa chini ya migomba, sahani ya kiburu, ndizi na maharage, magotini. Akavua kofia. Akafumba macho, akainamisha kichwa. Na kwenye safu ya mbele, mzee mwenyewe akavua kofia yake akainama pia.

Besi ikashuka. Yakafuata matarumbeta mengine yote, langu likiwemo. Hakuna aliyeamua. Mikono ilijua kazi yake tangu zamani.

Tukakaa tumeinama, tukisubiri Amina. Ukumbi mzima kimya, nikisikia feni ya projekta tu. Tulisubiri sana. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba filamu ile haina sauti, na Amina yake haitakuja. Nikafungua jicho moja. Kwenye shuka mzee alikuwa ameshakula zamani, anafunga banda la ng'ombe, moshi wa jioni unapanda. Mkono wa Mwalimu ulikuwa bado juu. Kisha ukashuka polepole. Shuka likawa jeupe, filamu ikaisha, na sisi bado tumelaza matarumbeta.

Mzee wa safu ya mbele ndiye aliyetuokoa. "Amina," alisema, kwa sauti.

"Amina!" ukaitikia ukumbi, nasi ndani yake.

Vicheko, kisha makofi. Yule dada akaja mbio, macho yana machozi. "Mwalimu, mlijuaje? Ule ukimya! Sikuwahi kufikiria ukimya."

"Tunashukuru," alijibu Mwalimu, akatabasamu mdomo ukiwa umefungwa. Akaanza kukunja stendi yake. Watu walipita wakimpa mkono, wakimsifu, na yeye aliitikia kila mmoja. Nilimtazama usoni na roho ikaniuma vibaya. Alikuwa akisifiwa kwa kitu pekee ambacho hakikupigwa.

Sikuweza kuvumilia. "Kuna wimbo umebaki," nikasema.

"Binti, nyamaza."

"Umebaki, Mwalimu. Unajua kabisa umebaki."

Mzee wa safu ya mbele akageuka, kofia imesharudi kichwani. "Umebaki wapi?"

"Pale ulipokuwa unasali, meku," nikamjibu, kama tunavyowaita wazee kwetu.

Akafikiri kidogo. "Basi rudisheni. Mimi sina haraka. Nitasali tena."

Watu waliokwisha kusimama wakakaa. Yule dada akairudisha picha mpaka penye migomba, akaisimamisha. Mwalimu alibaki na stendi mkononi, nusu imekunjwa. Nilidhani atakataa. Akaiweka chini, na simu akaitia mfukoni.

"Geuzeni viti," alisema.

Tukageuza, tukaligeuzia shuka mgongo, tukawaelekea watu. Kwa hiyo picha sikuiona tena, lakini niliona kitu kingine. Besi ilipoanza, mzee akavua kofia. Na nyuma yake, safu baada ya safu, kofia zilivuliwa, vilemba vikainama, mama mmoja akamshika mwanawe kisogo akamwinamisha. Swali langu la siku ile ya simu likapata jibu ambalo sikulitarajia: hakuna aliyetazama picha, na hakuna aliyetutazama sisi. Wote walikuwa wameinama wakisikiliza. Wimbo ulipanda, ukapumzika, ukapanda tena, na Mwalimu aliuongoza macho yakiwa yamefumbwa, midomo ikicheza bila sauti, kama anapokuwa bandani.

Tulipoishusha noti ya mwisho, mzee alisema, "Amina," na safari hii ilikuwa mahali pake.

Baadaye nje walituletea mbege, pombe ya ndizi, na Walutheri wenzangu, ambao kwao hunywa kwa kificho, ghafla wote walishikwa na kiu. Mzee akaja na fimbo yake mpaka alipokuwa Mwalimu.

"Aika, Mwalimu, asante. Wimbo ule kwenu ni namba ngapi?"

Mwalimu alinitupia jicho, kisha akatazama chini. "Hauna namba, mzee."

"Hauna?" Mzee akakunja uso. "Sasa wanangu watauombaje siku ya kunizika?"

Mwalimu aliweka kikombe chake chini. Kijana wa besi akageuka akatazama migomba.

"Wauombe tu," Mwalimu alisema mwishowe. "Wasiseme namba. Waseme, ule wa Mwalimu."

"Wa Mwalimu," mzee akarudia, akimgeukia mjukuu wake. "Umesikia? Usije ukasahau."

Kesho yake asubuhi nilipita kuchukua maziwa kama kawaida. Mluzi ulikuwa unasikika tangu chini ya kihamba. Nilifika getini, nikafikiria kuliinua, kisha nikalisukuma tu, likalia kwa nguvu zake zote.

Mwalimu aligeuza kichwa akaniona. Hakukatisha. Aliendelea kupiga mluzi mpaka mwisho, ndipo akanipokea chupa.