Wivu wa Mama Bénite juu ya Altare

Joyeuse alizaliwa Kipese, kule juu ambako baridi inauma na viazi vinaota vizuri. Mtu akimuuliza alipata nini duniani, alikuwa na jibu fupi: bwana, mtoto wa mgongoni, na altare. Bwana, Delphin, alikuwa akishuka Kyavinyonge, ziwani, kuchukua samaki, kisha anarudi kwao Butembo akinuka ziwa. Mtoto ni Bénite. Altare ni ya kanisa dogo la mtaa wao, na haikuwa yake, kila mtu alijua. Yeye mwenyewe tu ndiye alikuwa anasahau.

Tangu kanisa lilipokuwa la miti na udongo, yeye ndiye alisukula vitambaa vya altare, akavipiga pasi ya makaa, akavikunja. Walipojenga la matofali, aliyabeba kichwani kama mama wengine, kutoka tanuruni mpaka juu ya kilima, na mimba ikiwa mbele. Basi, siku ya kubariki altare mpya ilipokaribia, alijua moyoni nani ataipanguza ikisha kupakwa mafuta ya krisma. Akashona kitambaa cheupe. Hakuuliza mtu. Nani anaomba ruhusa ya kufagia kwake?

Siku yenyewe, Padri Stanislas akamimina mafuta na kuyaeneza kwa kiganja mpaka jiwe likang'aa. Harufu nzuri ikajaa kanisani. Joyeuse akainuka nusu.

“Mama Thérèse,” padri akaita.

Thérèse! Bibi ya Gustave, mtu wa bureau ya serikali, waliotumwa kutoka Kasai, hata maharagwe ya msimu mmoja hawajavuna hapa. Hakubeba tofali, hata kipande. Akapita mbele na kilemba chake cha bluu, akapanguza polepole, machozi yakimtoka, na watu wakanong'ona, “Ona vile anapenda Mungu.” Joyeuse akarudi chini, akakikalia kitambaa chake.

Nyumbani Delphin akamuuliza, “Unakasirika juu ya nini? Altare iko ya Yezu.”

“Najua.”

“Donc? Basi nini?”

“Donc kula samaki yako.”

Lakini kila alipoingia kufagia, ile harufu ilimpokea mlangoni, na kwake haikuwa tena harufu ya Roho Mtakatifu. Ilikuwa harufu ya Thérèse. Ni kama kukuta kitenge cha mwanamke mwingine juu ya kitanda chako. Jumatatu asubuhi, Bénite akiwa amelala mgongoni, akachota maji ndoo nzima, akatia sabuni na majivu, akaisugua altare. Akasugua kona zote, akasugua katikati, meno yameumana, mpaka kukabaki harufu ya sabuni tu, kama meza ya jikoni.

Njo pale moyo ulimshuka. Meza ya jikoni!

Akaangalia ndani ya ndoo. Maji ya kijivu, na juu yake mafuta yanaogelea. Hata maji ya kwanza ya kusukulia vitambaa vya altare hayamwagwi mtaroni. Yanamwagwa penye shina la mti, udongo uyanywe. Sasa haya? Haya ni baraka nzima ya kanisa, ameitosha, ameiondoa kwa mikono yake. Jumapili wakristu watapiga magoti mbele ya jiwe la bule, jiwe tu. Akakaa kwenye ngazi ya altare, ndoo katikati ya magoti. Kumwaga hawezi, kuondoka hawezi.

Thérèse akaingia na maua.

“Mama Bénite, wabukire!” Alimwamkia kwa Kinande cha watu wa hapa, kikichechemea kinywani mwake. “Uko unafanya nini na ndoo hapa, fasi ya padri kusimama?”

“Nimetosha mafuta yako.”

“Mafuta yangu?”

“Ile ulipanguza. Yote iko humu. Beba, upeleke kwako.”

Thérèse akainama, akanusa altare. Akaweka maua chini.

“Kumbe njo maana unaniangaliaka vile, kama vile nilikuibia bwana.”

“Bwana ungeniibia, ningenyamaza.”

Thérèse alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamtangulia. “Papa Bénite asikie!”

Padri Stanislas akasikia sauti, akatoka sakristia. Akaangalia ndoo, akaangalia altare iliyolowa. Joyeuse akamwambia yote bila kuinua kichwa, kisha akauliza, “Padri, hii kanisa ingali kanisa?”

“Mama, weye pia ulipakwa krisma siku ya ubatizo. Tangu pale ulishaoga, ao hapana?”

“Nilioga.”

“Na Mungu alitoka na maji ya kuoga?”

Thérèse akacheka mpaka Bénite akaamka.

“Mafuta inaonyesha tu nani amekaa hapa,” padri akaendelea. “Sabuni haiwezi kumufukuza. Lakini hii ni meza, Mama. Mungu aliiweka juu ya watu wote, waje wakule. Ukiisugua ibakie yako peke yako, utakuwa na meza safi sana, na hakuna mutu wa kula.”

Joyeuse akaishika ndoo kwa mikono miwili. Kisha lile lililomchoma likamtoka. “Juu ya nini ulimuita yeye?”

“Juu yeye ni mugeni. Mugeni njo anaitwa mezani. Mwenye nyumba nani anamuitaka?”

“Ungeniambia mbele.”

Padri akajikuna kichwa. “Ile, nilikosa.”

Joyeuse na Thérèse wakaibeba ndoo wawili, huyu upande huu, huyu upande ule, mpaka kwenye mti wa avoka nyuma ya kanisa. Thérèse hakujua kwamba maji haya yanamwagwa polepole. Akainamisha ndoo kwa haraka, maji yakamrukia miguuni. Akaruka, akacheka, viatu vyake vikimetameta mafuta.

Joyeuse akaviangalia vile viatu, na wivu ukapanda tena, uleule. Akavua kandambili. Akamnyang'anya ndoo.

“Sogea kidogo,” akasema, “na mimi nipate fasi.”

Akayamwaga yaliyobaki taratibu, yakapita juu ya vidole vyake vya miguu.