Nilivyoruka Laini Mbele ya Wakwe

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaonyeshwa ile video. Ndiyo, yule mwanamume aliyekumbatia chuma huko juu kama mtoto anayekataa kupelekwa shule, kiatu kimoja kiko na kingine hakiko, ni mimi Njeru, yule wa agroveti, duka la dawa za mifugo, pale Runyenjes, na wale mnaosema eti video imetengenezwa na kompyuta, asanteni kwa kunitetea, lakini haikutengenezwa, nililia hivyo hivyo, na kwa sauti hiyo hiyo.

Mambo yalianza kwa nia nzuri (aibu zangu zote huanza kwa nia nzuri). Nilikuwa na mchumba, Kendi, mwalimu wa shule ya msingi huko kwao Kianjai, na mwezi uliofuata nilitakiwa kupeleka wazee wetu kwa baba yake tukaongee mambo ya ndoa, sasa nikaona ni vizuri wazazi wake wanijue kabla ya hiyo siku, wajue kijana wa Embu si mtu wa hivi hivi. Nje kidogo ya Nkubu kulikuwa kumefunguliwa uwanja wa michezo mahali palipokuwa shamba la kahawa, kuna gari-moshi la watoto, kuna mashua ya kubembea, na katikati kuna lile gurudumu kubwa la kupandisha watu juu kwa vibanda vya chuma. Nikampigia Kendi simu nikamwambia, "Jumamosi nakuja kuwachukua, wewe na mzee na mama. Waambie wasipike, tutakula nyama."

Nikaenda na gari. Gari lenyewe lilikuwa la Mama Wawira, bosi wangu, mwenye duka, na nilikuwa nimemwambia napeleka mbolea Chuka. Sikuwaambia wakwe ni langu, lakini mzee alipouliza, "Hili gari linakula mafuta sana?" nilijibu, "Nimelizoea," na hapo mimi nahesabu ni uongo. Kitu kingine, Kendi alikuwa amewaambia mimi ni meneja, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Baba yake anaitwa Mzee M'Ituma. Alikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa kwenye kiwanda cha ushirika mpaka alipostaafu, mtu mrefu, koti moja, maneno machache. Toka Kianjai mpaka Nkubu alisema vitu vinne, na viwili vilikuwa "mm."

Kufika tu tukakuta watu wengi ajabu. Laini ya kupanda gurudumu ilikuwa imejikunja kama utumbo wa mbuzi, inaenda mpaka kwenye vyoo, inarudi, inaenda tena, kina mama na watoto mgongoni, kwaya nzima ikiwa na masweta ya rangi moja, jua limesimama kichwani. Kwenye dirisha la tiketi kulikuwa na msichana anauza bangili za plastiki. Akaniambia, "Ukiwa na ya njano unapitia upande ule wa kamba, hupangi na hawa." Alisema "hawa" bila hata kuwaangalia, na mimi badala ya kushtuka nilifurahi, nikajiona nimetolewa kwa "hawa" nikawekwa mahali pengine. Nikanunua nne.

Mzee akaigeuzageuza yake. "Hii ni ya nini?"

"Ya kuruka laini, mzee."

"Na hawa waliotangulia?"

"Watangoja tu."

"Na sisi tumefika sasa hivi."

"Ndiyo, mzee," nikasema nikitabasamu, maana nilidhani ananisifu.

Akaitia bangili mfukoni. "Mimi nitapanga," akasema, akatembea polepole mpaka mwisho wa laini, na mama akamfuata. Kendi akanishika mkono. "Njeru, si tupange tu na wao? Tutakuwa tunaongea."

Hapo ndipo kila kitu kiliharibikia. Ningesema sawa, leo mngekuwa hamna cha kucheka. Lakini nilisema, "Sasa bangili ziende bure? Wacha mimi nitangulie, nikishuka niwaambie huko juu kukoje." Fikiria! Nimewatoa watu Kianjai ili niwaache kwa jua, niende kuwapelelezea raha.

Njia ya bangili ilikuwa imetenganishwa na laini ya kawaida kwa kamba ya katani tu, kwa hivyo unapita ukiangaliwa na kila mtu, uso kwa uso. Jamaa mmoja akasema, "Pita, mheshimiwa," na mimi (naomba msirudie hii popote) nikampungia mkono.

Hatua ishirini mbele nikasimama. Kumbe si mimi peke yangu niliyekuwa na akili, njia ya njano nayo ilikuwa imejaa, kila mtu ameruka laini kisha tumepanga nyingine hukohuko tuliporukia, na kwa sababu sisi ndio tulikuwa tunachukuliwa kwanza, ile laini ya kawaida haikusonga hata kidogo. Nikasimama kama dakika kumi. Halafu nikaona kijana mmoja wa miwani ya jua anatupita sisi wote, mkononi bangili ya zambarau, anaingizwa mbele kabisa.

Jamani, nilipandwa na hasira ambayo sijui ilitoka wapi. "Wewe! Wewe kijana! Huoni watu wamepanga hapa? Huu ni unyanyasaji! Nimesimama kwa jua dakika kumi nzima! Kwani sisi si watu?"

Halafu ng'ambo ya kamba mama mmoja mwenye mwavuli akasema kwa upole, "Pole sana, baba. Sisi tulikuja saa tatu asubuhi."

Kicheko kilichotoka hapo kilianza kwa kwaya (wale watu wana mapafu) kikazunguka zile kona zote za laini, na ile laini vile ilivyokuwa imejikunja, mkia wake ulikuwa umefika karibu nami kabisa, kwa hivyo nilipogeuka nikakutana na Kendi amefunika uso kwa mikono na mzee akiniangalia vile mtu huangalia mashine inayotoa mlio usioeleweka.

Mtu mwenye akili angepita chini ya kamba akaenda kusimama na wakwe zake. Mimi nilienda dirishani nikanunua ya zambarau kwa pesa ya nyama. Nilijiambia nikishapanda na kushuka haraka, aibu itaisha haraka. Nikapita tena mbele ya watu walewale, mara ya pili, na kitoto kimoja kikapiga kelele, "Mama, yule mtu wa dakika kumi amerudi!"

Mlinzi wa gurudumu akafungua kibanda. "Wenzako wako wapi? Hiki ni cha watu wanne."

"Wanakuja nyuma," nikasema, nikaketi peke yangu kama waziri.

Sasa, sijawahi kuwaambia, mimi naogopa kwenda juu. Hata mmakadamia sipandi, huwa nawashikia wengine ngazi. Hasira ilikuwa imenisahaulisha. Gurudumu likaanza, vibanda vyote vimejaa watu wa njano na zambarau, hakuna hata mmoja wa laini ya kawaida, nikapanda, nikapanda, na nilipofika juu kabisa, nikavuka kilele kidogo hivi, kitu kikapasuka kule chini, paa! Gurudumu likasimama. Kibanda changu kikabembea mbele, kikabembea nyuma, nikarusha miguu kutafuta pa kukanyaga na kiatu cha kulia kikatoka kikaenda zake. Wakazima jenereta, muziki ukakatika, na uwanja wote ukawa kimya kama kanisa wakati wa kutoa sadaka.

Katika kimya hicho nikaanza kuomba. Nilidhani naomba moyoni.

"Ee Mungu Baba, usinichukue leo! Nisamehe! Mimi si meneja, mimi nauza tu dawa ya kupe! Hata gari si langu, ni la Mama Wawira, na Chuka sikuenda! Nishushe, Baba, nitasema ukweli wote!"

Sauti ya mtu aliye juu inafika mbali sana, msidanganywe. Nikasikia kutoka chini, "Ameen!" Ilikuwa ile kwaya. Nikachungulia kwa jicho moja, nikaona simu zimeinuliwa kila mahali, nikafunga jicho.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Kendi. Msimamizi alitangaza kwamba fundi anatoka Meru mjini, tungoje. Mzee M'Ituma akatoka kwenye laini, watu wakamwambia nenda, nafasi yako tunaishika, akainama kwenye mashine, akaona mkanda wa mota umekatika, akasema fundi wa nini, mkilegeza breki na kufunga kamba, watu kumi na wawili wenye nguvu wanaweza kulizungusha kwa mikono mpaka kila mmoja ashuke. Akageukia laini. "Wanaume, njooni tuvute."

Hakuna aliyesonga.

"Hao ni wa bangili," jamaa mmoja akasema. "Kwani bangili haishushi?"

"Wacha wangoje," mwingine akasema. "Tangu asubuhi si sisi tumekuwa tukingoja?"

Kelele za kukubali zikapanda, na mimi huko juu nilizisikia hizo, na nawaambia ukweli, nilizielewa. Niliwaza, kama ningekuwa chini saa hii na yule wa miwani yuko juu, ningevuta? Nilijijua. Nisingevuta. Nikalia upya.

Kendi anasema baba yake alivua koti, akampa mama, akaikunja mikono ya shati. "Kuna mtu huko analia," akasema. "Tutawashusha. Halafu tutarudi kwa laini, kila mtu pale alipokuwa." Akaishika kamba peke yake akaanza kuvuta, mzee wa umri ule. Yule mama wa mwavuli akaufunga mwavuli wake akaja kushika nyuma yake. Baada ya hapo wanaume waliona aibu, wakaja.

Walivuta kibanda kwa kibanda, na kwa sababu kwa mikono gurudumu lilikuwa likienda kinyumenyume, wale walio nyuma yangu ndio walikuwa wa kwanza kushuka. Kijana wa miwani, aliyepanda kabla yangu na kuzungushwa mpaka nyuma yangu, alikuwa mmoja wao. Hata kwa kushuka alinipita. Mimi nilikuwa wa mwisho wa upande huo, na kila nilipokaribia chini niliona vizuri zaidi mikono ya watu iliyokuwa ikinishusha, mmoja mmoja, wale wote niliowapita mara mbili.

Nikatoka, nikapiga magoti. Mama yake Kendi akaniwekea kiatu mbele yangu kimyakimya, kama unavyomwekea mgeni maji ya kunawa. Viganja vya mzee vilikuwa vyekundu. Aliniangalia kidogo, akaendelea kuvuta mpaka wa mwisho aliposhuka, akachukua koti lake, akarudi kwenye laini.

Kendi akasema, "Vaa kiatu, meneja."

Mwenye uwanja alikuja mwenyewe na kipaza sauti, ameona simu zile zote, akasema habari ya bangili imekwisha kwa leo, mkanda mpya unawekwa, na waliovuta watapanda kwanza. Mzee akamkatiza, "Hapana. Aanze aliyekuja saa tatu." Basi mama wa mwavuli akawa wa kwanza, na watu wakapiga makofi.

Nikaenda nikasimama pembeni ya Kendi na wazazi wake. Mtu wa nyuma yao akauliza, "Huyu alikuwa hapa?" Nikamwangalia mzee. Nilikuwa na hakika ataniokoa mara ya pili.

"Hakuwa hapa," mzee akasema.

Nikaenda mwisho, ambao sasa ulikuwa umerudi kule kwenye vyoo, na bangili mbili mkononi ambazo hazikutaka kufunguka, zile za plastiki hukatwa kwa makasi. Kila aliyepita kuingia chooni alinitambua.

Niliwaona wakipanda, mzee na mama na Kendi, polepole, mama ameshika kitambaa cha kichwa. Waliposhuka mzee alikuja mpaka nilipokuwa, akasimama kando yangu.

"Nimeona milima ya Nyambene yote," akasema. "Nimeona mpaka upande wa kwetu. Wewe uliona nini?"

"Sikuona kitu, mzee. Nilikuwa nimefunga macho."

Hapo alicheka, mara ya kwanza tangu Kianjai, akacheka mpaka akashika kamba ya katani asianguke. Halafu akapangusa macho. "Hiyo dawa ya kupe unayouza, inafanya kazi?"

"Inafanya, mzee."

"Basi ukija na wazee wako, uniletee. Na utuambie mambo yako yote ukiwa chini hapa, usingoje kupanda."

Nikaoa, ndiyo, mkitaka kujua. Mama Wawira aliiona video siku hiyohiyo na kazi nilibakishiwa kwa huruma tu. Kuhusu gurudumu, nilisimama kwa ile laini karibu saa mbili, sikuruka mtu, na zamu yangu ilipofika, mlinzi akafungua kibanda, nikaangalia juu, nikamwambia achukue aliye nyuma yangu.

Siku hizi nikifika mahali, iwe benki, hospitali, au pale pa kusagisha mahindi, mtu akininong'onezea kwamba kuna njia ya haraka upande ule, sisikii. Nauliza tu kwa sauti, wote wasikie: wa mwisho hapa ni nani?