Taa Niliyokataa Kuirudisha

Kamati ya maji iliniambia niirudishe ile taa. Nilikataa, na hata leo wakiniuliza nitakataa.

Upande wetu wa Kilungu maji huja kwa zamu, na zamu yenyewe haina siku. Bomba likifunguliwa kuelekea kwetu, tangi la kijiji linajaa. Ukichelewa, unakuta matope. Mama alikuwa akiteremka kila asubuhi na mtungi mgongoni, kwenda kuangalia tu. Goti lake limevimba miaka mingi. Nilipomwona akipanda na mtungi mtupu, akishikilia vichaka vya kando ya njia, sikuona huruma, niliona hasira. Nani aliamua mwanamke wa umri ule ndiye awe kipimo cha maji?

Mimi ni fundi wa simu pale Mukuyuni, na bodi ndogo za kielektroniki za kujifunzia huwa nazichezea nikikosa wateja. Nikafunga boya ndani ya tangi, na juu ya kifuniko nikaweka kasha la plastiki linaloonyesha ndani, lenye bodi na betri. Maji yakipanda, boya linainuka, kila mwanachama wa mradi wa maji anapata meseji. Betri ikaisha kabla ya wiki kwisha. Nikaichaji, ikaisha tena. Baada ya ibada, mwenyekiti wa kamati akatangaza mbele ya watu kwamba kifaa kikizima mara nyingine ataking'oa mwenyewe.

Nilikuwa nimeiandikia bodi programu ya kulala, iamke tu boya likiinuka. Niliilaumu programu hiyo, nikaiandika upya na upya, mpaka nilipoacha ubishi nikaweka mita kati ya betri na bodi. Bodi imelala fofofo, na umeme bado unaliwa. Kwanza nikakuta kitumaji cha meseji: nilikuwa nimeilaza bodi, chenyewe nikakiacha macho. Nikapanga kikatiwe umeme kila bodi inapolala. Namba zikashuka, lakini si za kutosha. Ndipo nikaiona ile taa nyekundu, ndogo kama punje ya wimbi, pembeni mwa bodi, imeunganishwa moja kwa moja na betri. Hakuna programu ya kuizima. Nikaigusa kwa pasi ya kulehemu, nikaing'oa. Namba zikaanguka karibu na sifuri, nikacheka peke yangu kibandani.

Nikalirudisha kasha juu ya tangi. Kumbe mwenyekiti alikuwa na desturi ya kupita pale asubuhi kuitazama taa hiyo. Akanipigia simu.

"Hii kitu yako imekufa."

"Haijakufa, mzee. Imelala."

"Mashine gani inalala? Hata charger ya simu inawaka. Weka taa watu waone inafanya kazi, ama tuitoe."

"Hiyo taa ndiyo ilikuwa inamaliza betri. Sirudishi. Na ukiitoa kabla haijazima, wewe ndiye utaeleza wamama."

Akakata simu.

Mama alikuwa amesikia yote. Asubuhi iliyofuata aliuweka mtungi mlangoni, akakaa kuchambua mbaazi. Majirani walipita wakiteremka, wakamcheka: anangoja kuitwa na sanduku lenye giza! Wiki ikapita kimya. Walioteremka walirudi na mitungi mitupu, na sisi pipa letu la maji ya mvua lilikuwa limeshuka mpaka kikombe kinagonga chini. Niliogopa, sitaficha. Kama betri ilikuwa imeisha, zamu ingetupita na mama angelala na kiu kwa sababu ya kichwa changu kigumu. Nikavaa viatu nikaangalie.

"Mwiitu, binti yangu, kaa chini," akaniambia. "Ukienda wewe, nani ataiamini?"

Nikavua viatu.

Wiki ya pili, jua likiwa juu, simu yake ikalia. Nikamsomea: maji yanaingia. Akabeba mtungi, tukateremka polepole. Mwenyekiti alikuwa amefika, amesimama kando ya tangi na simu mkononi, meseji ileile ikiwa wazi kwenye kioo.

"Lakini bado haina taa," akasema.

Mama akautua mtungi mbele ya miguu yake.

"Jaza," akamwambia.

Akajaza.