Managu ya Wagaki

Wagaki alipofariki, mumewe Irungu hakujua hata mbegu za mboga zilitoka wapi. Kulima ilikuwa kazi yake. Mbegu zilikuwa za mkewe. Kila msimu Wagaki alizitoa tu, zile za managu chungu walizokuja nazo kutoka Murang'a wakiwa vijana, na shamba lao dogo la Silanga, kando ya bwawa, likawa kijani. Sasa Irungu akapekua kila kopo chumbani. Hakuna kitu.

Yalibaki mashina machache shambani, yamezeeka, yameanza kuzaa.

Tonny, muuza mboga wa njia ya Ayany, akasimama hapo. "Buda, si unikatie hizo?"

"Haziuzwi."

"Unangojea zikufe pia?"

Irungu alimtazama. Tonny akaangalia viatu vyake. "Pole, mzee. Ni mdomo tu."

Matunda ya kwanza yalipoiva yakawa meusi, Irungu akayaponda na kuyaanika juu ya bati. Kwao mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya moto. Akaona mbegu ni mbegu. Jua likachoma bati mchana kutwa. Alipozipanda, hata moja haikuota.

Akamwendea Saadia, Mnubi wa shamba la pili, rafiki ya marehemu.

"Kwa bati, Baba Waithira? Ulikuwa unakausha ama unakaanga?" Akacheka. Alipouona uso wa Irungu, akaacha.

"Mama Umar, wewe huna zake?"

"Mimi nilikuwa namwomba kila mwaka. Nilijua yuko."

Basi ni yale mashina peke yake. Saadia akamwonyesha. "Gusa tunda. Likidondoka lenyewe, limekomaa. Likishikilia shina, liache."

Mvua ikaanza. Maji ya bwawa yakapanda, yakaingia kwa majirani. Irungu akajaza magunia udongo, akayapanga mbele ya mashina. Kila alipogusa tunda, lilishika.

"Chuma tu, mzee," Tonny alisema, mzigo begani. "Kesho hapa ni maji."

"Kijani haioti."

"Na iliyozama inaota?"

Irungu akaongeza gunia jingine. Alikaa hapo amejifunika nailoni mpaka giza likamfukuza. Asubuhi maji yalikuwa yamepita magunia. Akaingia, matope magotini, akagusa. Tunda likadondoka. Lingine. Akakinga kofia. Mengine yalikataa, akayaacha yaende na maji.

Kwa Saadia waliyaponda kwenye kikombe cha maji. Mbegu tupu zikaelea, wakazimwaga. Zilizozama wakazichanganya na majivu ya jiko, wakazianika kivulini. Zilipokauka, wakapanda chache kwenye mkebe wa kujaribu.

Irungu alichungulia mkebe huo zaidi ya alivyochungulia sufuria. Hatimaye vikatokea vimea. Akamwita Saadia. Hakujiamini.

Saadia akainama. "Hili ni gugu." Akaling'oa. "Hili pia."

Irungu akasogea karibu.

Saadia akafika kona moja ya mkebe, asing'oe.

"Na hiyo?"

"Hii ni yake."

"Una hakika?"

"Baba Waithira, mimi nimepalilia managu na Wagaki tangu Umar akiwa mgongoni." Irungu akanyoosha kidole. "Toa mkono. Bado ni laini."

Irungu akautoa. Akakaa chini.

"Zile za kwenye majivu," akasema, "beba nusu."

"Za nini? Si ni zako?"

"Zisikae nyumba moja."